Kanada wamepitiliza kwenye hili la kusaidiwa kufa

Niseme wazi mapema, mimi sio wa kuwaita wauaji madaktari wa Oregon, jimbo la Marekani ambako mgonjwa anaruhusiwa kuandikiwa dawa ya kumaliza maisha yake. Sheria yao wananchi waliipigia kura 1994 ikaanza kutumika 1997, na masharti yake yanaeleweka: uwe mtu mzima mwenye akili timamu, madaktari wawili wakubaliane kwamba ugonjwa utakumaliza ndani ya miezi 6, na dawa unakunywa mwenyewe kwa mkono wako. Na sio wote wanaopewa wanaishia kuinywa, wapo wanaokufa na ugonjwa wao dawa ikiwa kabatini. Mtu ambaye kifo kimeshabisha hodi sina ubavu wa kumwambia avumilie tu.

Kanada ndio inaninyima usingizi. Walianza 2016 na watu ambao kifo chao kiko karibu, ilipofika 2021 sharti hilo likaondolewa, yaani sasa hivi mtu mwenye ulemavu au maumivu sugu ambaye angeweza kuishi miaka mingi tu anaruhusiwa kuomba, anafanyiwa tathmini siku zisizopungua 90 na akikubaliwa anachomwa sindano. Mwaka 2023 peke yake walikufa kwa njia hii zaidi ya watu 15,000, karibu kifo 1 kati ya kila 20 nchi nzima (wengi wao walikuwa wanakufa kweli, hilo nakubali). Wenye ugonjwa wa akili tu, bila ugonjwa wa mwili, nao walikuwa wafunguliwe mlango, serikali ikasogeza mpaka Machi 2027.

Mtaniambia ni haki ya mtu kuchagua. Sawa, anachagua kati ya nini na nini? Ukiwa na ulemavu pale Ontario, jimbo mojawapo la Kanada, nyumba yenye huduma unaweza kuisubiri miaka, kifo siku 90. Na 2022 ikajulikana kwamba mfanyakazi wa idara inayohudumia wanajeshi wastaafu alimtajia mstaafu mmoja habari ya kusaidiwa kufa, wakati mwenzie alipiga simu kutafuta matibabu na wala hakuuliza kitu kama hicho!! Idara ikaomba radhi.

Halafu angalia sababu zinazotajwa hata huko Oregon, maumivu yako chini kwenye orodha, juu kabisa ni kupoteza uwezo wa kujiamulia na kujitegemea, na karibu nusu wanataja hofu ya kuwa mzigo kwa familia. Hapo mimi nashtuka sana. Nimemuuguza shangazi yangu, kila nikimgeuza kitandani anasema nisamehe mwanangu nakuchosha, namjibu hujanichosha shangazi, ananyamaza, kesho yake anarudia vilevile. Mtu kama huyo ukimletea fomu anasaini, anasaini ili wewe upumzike.

Njia nyingine ipo. Uganda tangu miaka ya 90 hospisi (vituo vya kuhudumia wagonjwa wasiotarajiwa kupona) zinatumia morfini, dawa kali ya maumivu, ya maji na ya bei nafuu, na kuanzia 2004 hata manesi waliosomea tiba shufaa, yaani ya kumpunguzia mgonjwa mateso, wanaruhusiwa kuiandika, mgonjwa anakunywa nyumbani kwake akiwa na watu wake. Nchi yenye hela kama Kanada inashindwaje kumpatia mtu nyumba na wa kumuogesha? Warudishe lile sharti la 2016, na hiyo habari ya wagonjwa wa akili waifute kabisa, sio kuisogeza sogeza mbele.