Sikuita "Mamaa"

Kwanza kabisa, sikuita "mamaa". Mwalimu wa Jiografia ameshamwaga habari yake kwenye kundi la walimu, kundi la wazazi, na nasikia hata la kwaya, na kote huko kaandika kwamba niliruka dirishani nikiita "mamaa". Uongo. Nilisema "tokeni!" Kwamba wakati naisema mimi mwenyewe nilikuwa nimeshatoka nusu, hilo tutalifikia.

Tena yeye hakuwepo. Alikuwa darasa la jirani anafundisha mmomonyoko wa udongo. Alichokiona ni miguu yangu tu.

Mnaonifuata humu mnajua kilio changu cha vifaa. Kidato cha Pili nina watoto 84. Maabara ina ameta mbili, na moja sindano yake imeganda kwenye 3 tangu nilipohamia. Ukipima umeme inasema 3, ukipima meza inasema 3. Kanuni ya Ohm, ile ya volti gawanya kwa ohm unapata mkondo wa umeme, nimekuwa nikiifundisha kwa chaki na imani. Ndipo nikakutana na PhET. Ni maabara za kuchezea kwenye kompyuta, kutoka Chuo Kikuu cha Colorado, alizianzisha Carl Wieman mwaka 2002, mwaka mmoja baada ya kupata Nobel ya Fizikia. Ni za bure, na ukishapakua faili huna haja tena ya intaneti, unalifungua kwenye kivinjari hata ukiwa shambani. Bure ni maabara lakini, bando si bure. Nikavizia bando la usiku, saa nane nikashusha ile ya kuunga saketi, nikakesha nayo kama mtoto aliyepewa gari la waya.

Jamani. Betri ipo, balbu ipo, swichi, nyaya, unavuta kwa kipanya unaunga. Elektroni unaziona kwa macho, vidoti vya bluu vinajikokota ndani ya waya. Nikaweka betri ya volti 9 na rezista, kile kidude cha kubana umeme, ya ohm 10, nikachomeka ameta, ikasoma 0.9. Tisa gawanya kwa kumi! Mwaka wa sita huu nafundisha umeme na ndiyo mara ya kwanza nimeiona 0.9 yenyewe imekaa pale, imetulia. Kuna na vitu vya kujaribu kama vinapitisha umeme: penseli, sarafu, mkono wa mtu, hata mbwa. Mbwa nilimjaribu. Msiniulize mtu mzima anatafuta nini kwa mbwa saa tisa usiku.

Kitu kimoja tu sikukijaribu. Sikupiga shoti, yaani kuunga pande mbili za betri kwa waya mtupu. Mimi ni mwalimu wa fizikia, mkono wangu umefunzwa kutopiga shoti.

Jumanne ikafika. Projekta nimeazima kanisani. Ubaoni nimetundika shuka jeupe la nyumbani, lile lenye ua la kutarizi kwenye pembe, ambalo mama watoto alidhani liko kwenye kapu la kufuliwa. Ekstensheni ni yangu. Katikati ina kiungo nilichofunga mwenyewe kwa selotepu mwaka juzi, na asubuhi nzima roho yangu ilikuwa pale kwenye selotepu. Nyuma ya maabara ndipo jiko la shule, na mama mpishi siku hiyo alikuwa na kuni mbichi. Yashikeni hayo mawili, selotepu na kuni.

Somo likaenda vizuri kupita kiasi. Watoto ambao huwa wanalala na jicho wazi walikuwa wananyoosha mikono. Nami kichwa kikavimba. Nikamwita kijana mmoja wa nyuma, ambaye sijawahi kumwona na kalamu yenye wino, nikamkabidhi kipanya, nikatangaza: "Gusa unavyotaka. Hapa hakuna kinachoungua." Nikarudia, na mara ya pili niligonga meza.

Nikalipa shuka mgongo, nikainua kidole, nikaanza kueleza ukinzani, yaani kitu kinavyouzuia umeme kupita.

Huku nyuma kijana keshauchukua waya. Kautoa upande mmoja wa betri kaupeleka wa pili, moja kwa moja, hamna balbu, hamna rezista. Mimi sioni. Ninachoona ni nyuso za watoto wote zikigeuka pamoja kama shamba la alizeti. Macho yakatoka. Midomo ikafunguka. Halafu sauti moja:

"Mwalimuuu! Motooo!"

Sasa hapa twende polepole. Sikugeuka. Ningegeuka tu, leo ningekuwa naandika mambo mengine. Lakini mtu aliyefunga waya kwa selotepu akisikia neno moto haangalii ukutani, anaangalia selotepu yake. Nikainama kuitazama ekstensheni. Na sekunde ileile upepo ukauleta moshi wa kuni mbichi, ukaingia dirishani, ukapita kwenye mwanga wa projekta. Mnajua moshi unavyofanya kwenye mwanga ule. Unajikunja, unapanda taratibu, unaapa kabisa kwamba unatoka kwenye mashine. Pua ikasema moshi, macho yakasema moshi, watoto wanasema moto. Mashahidi watatu. Hata mahakamani unafungwa.

Mlango uko upande wa pili, nyuma ya watoto 84. Dirisha liko mkono wangu wa kushoto, halina nondo, fedha ziliishia kwenye rangi.

Nikapanda kiti. Naikumbuka vizuri ile sekunde ya juu ya kiti, kwa sababu bado ningeweza kushuka na heshima yangu. Mguu wa kulia ukavuka. Tumbo likavuka kwa mazungumzo. Mguu wa kushoto ukagoma: kulabu ya dirisha imedaka mfuko wa nyuma wa suruali. Nikabaki nimelala juu ya ukingo kama nguo iliyoanikwa, kichwa nje, mikono inapapasa mchicha wa klabu ya kilimo, na ile sehemu nyingine yote ikiangalia Kidato cha Pili. Hapo ndipo niliposema "tokeni!" Sauti ilitoka nyembamba, sikatai. Tumbo likiwa juu ya tofali sauti haiji yote.

Hakuna aliyetoka. Nikachungulia kwa chini ya kwapa langu. Wapendwa, niliona betri. Kwenye shuka pale ilikuwa ndefu kama mtu mzima, na juu yake miali ya rangi ya machungwa inacheza bila haraka yoyote. Moshi haina. Shuka haliungui. Ua la mama watoto liko palepale. Na watoto hawakuwa wanakimbia. Waliosimama ni wa nyuma, wapate kuona vizuri. Ile "moto" yao haikuwa ya hofu. Ilikuwa ya furaha, ya mpirani, ya goli la dakika ya tisini.

Ni programu tu inakuonyesha shoti. Waya mtupu hauna ukinzani wa kutaja, mkondo unapanda usipopimika, basi wakaichorea betri moto ili mtoto akumbuke. Ualimu mzuri kabisa. Ningeusifu kama ningekuwa nimesimama.

Lakini Babu mlinzi yeye alikuwa ameshasikia "moto", na kwenye shule neno hilo halisikiwi mara mbili. Akaingia mlangoni mbio na ndoo nyekundu ya mchanga. "Uko wapi?" Vidole vyote vikaonyesha ubaoni. Babu akapita katikati ya madawati kama kijana wa miaka ishirini, akaimwaga ndoo nzima juu ya shuka.

Mchanga ukateremka. Betri ikaendelea kuwaka.

Babu akaitazama betri. Akatazama ndani ya ndoo. Akageukia darasa akasema, kwa sauti ya mtu aliyeona mengi: "Huu wa umeme huu. Zimeni meni swichi."

Binti mmoja wa dawati la mbele akainuka, akashika kipanya, akauvuta waya pembeni. Moto ukazimika. Darasa likapiga makofi. Binti akageukia dirisha na kuiambia suruali yangu, kwa adabu zote, "Mwalimu, tayari umezimika, unaweza kurudi."

Ndipo mfuko ulipochanika.

Yaliyobaki nayasema haraka. Ringi ilikuwa imeshagongwa, shule nzima iko kiwanjani. Madam Mkuu kahesabu wanafunzi, wametimia. Kahesabu walimu, kapungukiwa mmoja. Nikatokea upande wa mchicha nimejifunga sweta kiunoni. Nimeandika barua ya maelezo, kurasa mbili. Projekta nzima, asanteni mnaoiulizia. Shuka limerudi nyumbani na mchanga, na hilo nalo nimeliandikia maelezo, ya mdomo. Mama mpishi ananiongezea makande kila siku bila kusema kwa nini. Ekstensheni nimenunua mpya.

Ijumaa nikatoa jaribio. Swali la nne: chora saketi iliyopigwa shoti, onyesha njia ya mkondo. Tangu nianze kazi sijawahi kuona swali la umeme likijibiwa hivi. Karibu wote wamepata, na wengi wameweka na miali juu ya betri. Karatasi ya yule kijana wa nyuma, mwenye kipanya, ndiyo nimeisahihisha mwisho. Saketi yake ni sahihi. Pembeni kachora dirisha, na kwenye dirisha miguu miwili. Kando ya mguu wa kulia kaweka mshale ulioandikwa "mkondo". Mguu wa kushoto kauchora na kulabu, na kwenye kulabu kaandika "ukinzani mkubwa".

Nimempa alama zote.