Daktari akitaja miezi, hajamhukumu mgonjwa

Lawama inayosikika mara kwa mara hapa Mwanza ni kwamba daktari amemtajia mzee miezi ya kuishi, kana kwamba yeye ndiye Mungu. Saratani imeanzia kwenye tezi dume au titi, imefika kwenye pingili za uti wa mgongo, miguu inakufa ganzi, na familia iliyofuata tiba inapewa muda. Uchungu wao ni halali. Lakini wanaokadiria muda huo nao wana hoja, na haijasikilizwa.

Kwanza, hiyo si ramli. Kipimo cha Tokuhashi, yaani jedwali la alama la kukadiria muda wa kuishi kwa mgonjwa ambaye saratani imefika kwenye uti wa mgongo, kilirekebishwa mwaka 2005 na jumla yake ni alama 15, zinazotolewa kwa kuangalia hali ya mwili, mifupa na viungo vilivyoshambuliwa, kupooza, na saratani ilikoanzia. Anayepata 8 kushuka chini hukadiriwa kuishi chini ya miezi 6. Kuanzia 12, mwaka au zaidi.

Pili, na hapa ndipo penye uzito, upo utafiti wa Patchell na wenzake wa Marekani, wa mwaka 2005, ambao watetezi wa kuwapasua uti wa mgongo wagonjwa hawa huutegemea sana. Nusu ya waliopasuliwa kisha wakapigwa mionzi waliendelea kutembea kwa siku 122 au zaidi. Kwa waliopata mionzi peke yake, nusu hawakuvuka siku 13. Zitazame namba hizo tena: kwa baba mwenye wakwe nyumbani, ni miezi 4 ya kwenda chooni kwa miguu yake dhidi ya wiki 2. Nani asingeuza ng'ombe au mtumbwi? Ila walioingizwa ni wale tu waliotarajiwa kuishi angalau miezi 3, tena ambao hawakuwa wamepooza kabisa kwa zaidi ya saa 48. Makadirio ndiyo yaliyochagua watu ambao kisu kingewafaa. Bila hayo, unampasua mtu ambaye wiki zake zote zilizobaki zitaishia kuuguza kidonda.

Wanaopinga wanasema alama hizo zilitungwa kwa wagonjwa wa Japani, kabla ya dawa nyingi za leo, na wapo wanaoishi muda mrefu kuliko walivyotajiwa. Kweli kabisa. Mimi naongeza hili: mgonjwa ambaye chanzo cha saratani yake hakijajulikana hupewa alama 1 kwenye kipengele hicho, lakini ikithibitika ni tezi dume hupewa 5. Mwenye 7 anakuwa na 11, anatoka kwenye kundi la chini ya miezi 6, kwa sababu tu uchunguzi umekamilika. Basi tudai vipimo kamili kabla namba haijatajwa.

Na alama ndogo isiwe ruhusa ya kumrudisha mtu nyumbani mikono mitupu. Utafiti wa Uingereza na Australia uliochapishwa mwaka 2019 ulionyesha kuwa baada ya wiki 8, waliopigwa mionzi mara moja tu walikuwa wakitembea 69 kati ya 100. Waliopigwa mara 5, 73. Haikuthibitika kwamba njia hizo ni sawa, lakini pengo ni dogo. Kwa mgonjwa anayevuka kutoka Ukerewe kufuata mionzi hospitali ya Bugando, mara moja inatosha kuwa sababu ya kupanda kivuko.