Mbili za Moto

Uchochoro wa nyuma ya nyumba zetu hapa Walukuba, Jinja, Uganda, ulikuwa wa kumwagia maji ya vyombo na kutupia kaveera, mifuko ya plastiki. Wakaja vijana wa rangi na ndoo zao, wakasema kila ukuta utabeba kitu cha kwetu. Nyumba hizi mkoloni alizijengea wafanyakazi wa viwandani, makabila yote yamo na Kiswahili ndicho kinachotupatanisha, kwa hiyo kila mtu alikuwa na pendekezo lake na hakuna aliyesikilizwa.

Mzee wa kona alipata embaire, ile marimba kubwa ya Wasoga inayopigwa juu ya shimo ili mlio ujae, wapigaji wamekaa pande mbili jasho likiwatoka. Jirani yangu akapewa wapuliza bigwala, tarumbeta za vibuyu ambazo UNESCO iliziingiza mwaka 2012 kwenye orodha ya urithi unaohitaji kulindwa haraka, na tangu siku hiyo akawa anatusalimia kwa kidevu. Hata ukuta wa choo ulipata korongo mwenye taji, ndege wa bendera! Mimi niliomba ziwa tu, maji ya buluu na mitumbwi, yaendane na pazia langu.

Mkubwa wao akarudi nyuma, akafumba jicho moja, akalitazama dirisha.

"Mama Hawa, hili dirisha limekaa kibanda."

"Kibanda cha nini?"

"Cha rolex."

Nikamuuliza tangu lini chapati na mayai vikawa utamaduni. Akanijibu kama wakili: mwaka 2021, pale Kasokoso, ilipikwa rolex ya kilo 204.6 ikaingia kwenye rekodi za Guinness, sasa mitumbwi yangu imeingia wapi? Nikanyamaza.

Kazi yao ilikuwa nzuri, siwezi kuwadhulumu, na balaa lilianzia hapo hapo. Walichora muuzaji wa kimo cha mtu, aproni ina madoa ya mafuta, vidole vimeshika chapati ukingoni anaigeuza. Sigiri ina makaa mekundu. Kwenye yai lililopasuliwa wakadondosha nukta nyeupe, kiini kikang'aa kibichi kabisa. Kuku wa jirani alidonoa ile kabichi ya ukutani mpaka akaondoka na rangi mdomoni. Dirisha langu lenyewe wakaligeuza kabati la kioo la kupangia chapati, na kwa kuwa mwanangu Hawa halali gizani, taa ya chumbani huwaka mpaka asubuhi. Ukitokea uchochoroni, kibanda hakifungwi.

Wakaanza kuja. Watu wa bodaboda, watu wanaotoka kwenye malwa, pombe ya ulezi, wanagonga kioo kwa sarafu usiku wa manane.

"Mama, zipo?"

"Hazipo!"

"Mbona taa inawaka?"

Mmoja alisema kama rolex zimeisha, hata kikomando, chapati kwa maharage, atakula. Mwingine aliomba akopeshwe, atalipa mwisho wa mwezi, akanitajia na kituo chake cha boda ili nisiwe na wasiwasi. Mume wangu analinda ghala usiku, mchana amelala fofofo. Nilipomsimulia alicheka, akageukia ukutani.

Tungeishia kucheka, lakini mama mkwe akaja kutoka Bugiri kutibiwa mtoto wa jicho. Jicho moja linaona ukungu, la pili afadhali kidogo. Masikio sasa, salaala! Anasikia sisimizi akibadilisha njia. Tukamtandikia sebuleni, kati yetu pazia tu.

Usiku huo huo kioo kikagongwa.

"Mama! Nipe mbili za moto, kama za juzi!"

Juzi gani, Mungu wangu? Na mimi, usingizi umenijaa, nataka tu aende zake: "Kaka, leo haiwezekani. Rudi kesho."

Upande wa pili wa pazia nikasikia mtu anaketi.

Asubuhi Bibi hakugusa chai. Alitoka uani na simu yake ya kitochi, akazungumza Kisoga kwa sauti ya chini, na kwa Bibi sauti ya chini ni jambo zito. Jumamosi baba wakubwa wakashuka kwenye taksi, kanzu na fimbo, walitoka nyumbani baada ya swala ya alfajiri bila kutia kitu tumboni. Nikaleta chai, ikakataliwa. Kwanza shauri.

Baba mkubwa akapiga dua ndefu, akakohoa. "Mwanetu, tumesikia kuna wanaume dirishani."

Mume wangu akafungua mdomo. Kabla hajasema, ko ko ko!

"Mama! Moja ya mayai mawili, usitie kitunguu!"

Kimya. Baba mkubwa akanitazama, akamtazama mwanawe. "Huyo ndiye?"

Wakainuka wote, fimbo mbele, wakatokea mlango wa nyuma. Uchochoroni kasimama kijana wa boda, kofia ngumu kwapani, noti ya elfu tano kaielekeza kwenye dirisha langu. Alipoona kanzu zinamjia mbio, akajibana ukutani, akailinda nafasi yake.

"Wazee, mtanisamehe, mimi nimetangulia!"

Bibi akawapita wote. Akaweka kiganja juu ya lile jicho la afadhali, akamkaribia muuzaji wa ukutani mpaka karibu pua zigusane.

"Kodheyo, ssebo."

Muuzaji akageuza chapati.

"Wewe kijana! Wazee wamesimama juani wanakusalimia na wewe huinui hata kichwa? Nani amekulea?"

Mume wangu alikuwa ameshika mlango kwa mikono miwili, machozi yanamtiririka. Mimi nikamvuta Baba mkubwa kanzu nimweleze kuwa ile ni rangi, rangi tupu. Hakunisikia. Alikuwa ameegemea fimbo, macho kwenye trei ya mayai, anameza mate.

"Mwambie," akaninong'oneza, "yangu aweke matatu."