Waja leo waondoka leo sio "wanakuja leo wanaondoka leo"

Bibi yangu anakaa Makorora hapa Tanga, anauza vibua vya kukaanga jioni, hajui kusoma wala kuandika, na simu yake haipumziki kwasababu kila kitu kwake ni voisi. Wiki iliyopita kanitumia voisi ya dakika 3 kuhusu mambo ya deni, mi nilikuwa kwenye daladala natoka Chumbageni, makelele mpaka basi, nikaona niipitishe kwenye programu ya kunukuu sauti ambayo naitumia kazini ili nisome tu. Bibi alisema "binti alimpa buku jero", yaani shilingi elfu moja na mia tano. Programu ikaandika "binti alinipa" halafu buku jero haikuonekana popote, imerukwa kabisa kama vile haikutamkwa. Kwahiyo kwa maandishi yale ni bibi ndo kapewa hela, na kwa kauli yake mwenyewe hela kapewa mtu mwingine. Nimefika nyumbani nikasikiliza kwa masikio yangu ndo nikaelewa, na nimekaa na hili jambo wiki nzima, leo naliandika.

Mi nafanya kazi ya unukuzi. Yaani napewa sauti, nasikiliza kipande kwa kipande, naandika kilichosemwa, na hayo maandishi pamoja na sauti yake ndo mashine inafundishiwa kusikia Kiswahili. Watu wanadhani akili mnemba inajifunza yenyewe hewani. Hapana, nyuma yake kuna watu wamevaa hedifoni wanarudisha sekunde 5 mara 6 kusikia kama mama kasema "kaja" au "kaijua". Ni kazi ninayoipenda na naiheshimu na ndo maana inaniuma pale inapofanywa vibaya.

Kuna mradi mmoja niliufanyia, sitoutaja. Sauti zilikuwa za watu wa pwani wakizungumza kawaida, nzuri mno, mzee mmoja anaelezea Tanga ya enzi za mkonge, treni, wageni wanaingia na kutoka, kafika mahali akasema ule msemo wetu ambao kila mtu wa mji huu anaujua, "waja leo waondoka leo". Nikauandika hivohivo. Siku ya pili kazi imerudi na alama nyekundu, mkaguzi kaandika rekebisha: "wanakuja leo wanaondoka leo". Nikamjibu kwa adabu kabisa kuwa huo ni msemo na mzee kasema waja, sikiliza sekunde ya 41. Ikarudi tena. Maelekezo ya mradi yalisema matamshi ya lahaja yabadilishwe kuwa sanifu, na malipo yalikuwa kwa dakika zilizokubaliwa, kodi ya chumba ilikuwa imefika, nikabadilisha. Mpaka leo kuna faili mahali fulani duniani lenye sauti ya mzee wa Tanga akisema kitu kimoja na maandishi chini yake yanasema kitu kingine, na mkono uliofanya hivyo ni wangu.

Na wala haikuwa kosa la sarufi! Hiyo -a- ya wakati uliopo iliyojificha ndani ya "waja" (wa-a-ja) ipo kwenye vitabu vya shule, tunaisoma, na kwenye methali imejaa tele, "chema chajiuza kibaya chajitembeza", nani amewahi kusimama akasema hapana sema kinajiuza kinajitembeza? Tofauti ni kwamba huku kwetu watu bado wanaongea nayo, haijabaki kwenye methali tu.

Sasa angalia linalotokea mashineni. Mashine haijui Kiswahili, inachojua ni sauti hii imeambatana na herufi hizi. Ukiipa "waja" kwa sikio na "wanakuja" kwa jicho, umeifundisha kuongeza silabi ambazo hazikutamkwa. Ukifanya hivyo mara elfu umeifundisha kubuni, na mashine iliyozoea kubuni "wanakuja" kesho itabuni "alinipa". Siwezi kuapa kuwa ndo chanzo cha kosa la voisi ya bibi, ila mi nimekaa upande ule wa kazi na najua tabia hiyo inapandwa wapi.

Halafu "waja" ni neno tamu sana kwa mtu anayetafiti lugha kwa kompyuta, kwasababu lina maana mbili zilizo mbalimbali kabisa. Kuna waja wa Mungu, wingi wa mja, na kuna wao waja, kitenzi kuja. Huko Finland, Chuo Kikuu cha Helsinki, Profesa Arvi Hurskainen alianza mwaka 1985 kujenga mfumo wa kuchambua Kiswahili kwa kompyuta, baadae ukajulikana kama SALAMA. Mfumo wa aina ile haukisii. Unalivunja neno vipande, kiambishi cha mtenda, cha wakati, mzizi, unaorodhesha kila maana inayowezekana, kisha unatazama maneno ya jirani na kuziondoa zisizofaa mpaka ibaki moja. Ukiona "leo" inafuata na mbele kuna "waondoka", basi waja wa Mungu wanatoka wenyewe. Na huyohuyo Hurskainen na wenzake wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kati ya 1988 na 1992, walipita pwani na visiwani wakirekodi watu wakizungumza kwa lahaja zao. Yaani hiki ninachokililia kilishafanyika wakati mi sijazaliwa, kwa kaseti!

Na kabla ya hao, mwaka 1956 Mwingereza W. H. Whiteley alichapisha uchunguzi wake wa Kimtang'ata, lahaja ya hapa kati ya Tanga na Pangani, akakiandika Kimtang'ata kama Kimtang'ata. Ile ni miaka 28 baada ya mkutano wa Mombasa wa 1928 ulioamua Kiunguja ndo kiwe msingi wa sanifu. Sina ugomvi na sanifu, nimesomea sanifu, hapa nataka kuandika nayo japo naona mdomo unaniponyoka. Sanifu imefanya mtu wa Tanga aelewane na wa Mwanza na wa Kigoma na hilo ni jambo kubwa. Lakini sanifu ilitengenezwa kwa ajili ya kuandika na kufundisha. Mashine ya kusikia haifundishwi kuandika insha, inafundishwa kumsikia mtu.

Tatizo jingine ni sauti zenyewe zinatoka wapi. OpenAI, kampuni ya akili mnemba, walipotoa Whisper, programu yao ya kunukuu sauti, mwaka 2022 walisema imefunzwa kwa saa 680,000 za sauti. Kwenye jedwali lao la unukuzi Kiswahili hakikufika hata saa 10. Meta, wenye Facebook, mwaka 2023 wakatoa mfumo wa kunukuu lugha zaidi ya 1,100, na sehemu kubwa ya sauti zake ni watu wakisoma Agano Jipya. Common Voice, mradi wa Mozilla wa kukusanya sauti za watu ulioanza 2017, inakuletea sentensi kwenye skrini unaisoma kwa sauti, wengine wanasikiliza na kuikubali au kuikataa, na nawashukuru kwa kutupa nafasi maana data yao iko wazi kwa kila mtu. Ila angalia, sehemu kubwa huko ukiondoa Whisper ni kusoma. Mtu akisoma anatamka kila silabi, "ni-ta-ku-ja". Mtu akiongea anasema "ntakuja". Na bibi yangu hawezi kusoma hiyo sentensi ya kwenye skrini, kwahiyo kwa njia hii sauti yake haina mlango wa kuingilia kabisa, wakati yeye ndo anayeihitaji hii teknolojia kuliko sisi tunaojua kuandika! Hili ndo linanikosesha usingizi.

Kuna na suala la kupima. Watafiti wanapima kwa kuhesabu maneno: yaliyokosewa, yaliyorukwa na yaliyoongezwa, wanajumlisha, wanagawa kwa idadi ya maneno ya unukuzi wa mtu. Chukua sentensi mbili zenye maneno manne manne, "ntakuja kesho saa mbili" na "binti alimpa buku jero". Kwenye ya kwanza mashine ikaandika nitakuja, kwenye ya pili ikaandika alinipa, na tuseme safari hii buku jero haikuirukwa. Zote zimekosa neno 1 kati ya 4, zote asilimia 25. Moja hakuna kilichoharibika, nyingine watu wanaweza wakagombana mpaka kwa mjumbe. Kiswahili chetu kimebeba mtenda, wakati, mtendwa, na ukanushi vyote ndani ya neno moja, "hatukuwaambia" ni sentensi nzima hiyo, sasa kipimo kinachohesabu neno kama tofali moja hakiwezi kuona ni kona gani ya tofali imevunjika. Mi ningetaka kipimo kinachotazama viambishi, nani kafanya, nani kafanyiwa, lini, na kama ni ndio au sio. Vifaa vya kuvunja neno vipo tangu enzi za kaseti, vitumike.

Upande wa mashine kuongea sigusi sana leo ila nitaje moja. Ngamiani mitaa yetu ni Barabara ya ngapi na ya ngapi. Neno barabara ukiweka mkazo silabi ya pili kutoka mwisho ni njia ya magari, ukiusogeza nyuma silabi moja ni sawasawa kabisa, kazi imefanyika barabara. Kwa maandishi hayatofautiani hata nukta. Mtoto wa darasa la pili Tanga hakosei, simu inakosea.

Ninachotaka ni hiki, na nakitaka kweli. Unukuzi uwe na mistari miwili. Mstari wa juu kama mtu alivyosema, na "ntakuja" yake na "waja" yake na buku jero yake. Mstari wa chini sanifu, kwa anayetaka kutafuta maneno au kutafsiri. Nimeshaambiwa kuwa ni gharama, na kweli ni gharama, dakika 1 ya mazungumzo kwa mistari miwili inanichukua kama dakika 12. Nimeambiwa pia kuwa kila mtu akiandika anavyosikia mashine itachanganyikiwa kwasababu neno moja litakuwa na sura tano. Hilo ni la kweli zaidi na ndo maana mstari wa chini upo, unaziunganisha zile sura tano. Ila kuufuta wa juu ili kuokoa hela ni kutupa kitu ambacho hakirudi, wazee hawa hawatusubiri. Na wanaotoa sauti walipwe, mkono mtupu haulambwi, mtu kaacha vibua vyake jikoni kakaa na wewe saa zima usimwache na asante tu.

Mwezi uliopita nilianza mwenyewe, na bibi. Nilimuuliza kwanza kama anaridhia, nikamweleza sauti yake itakwenda wapi, akasema sawa lakini ile sehemu ya marehemu kaka yake aliyezama na ngalawa niitoe, hiyo ni ya nyumbani. Nimeitoa. Nilipomaliza nikamsomea mstari wa juu, katikati akanikatiza, "Sikusema hivo mie mjukuu wangu." Nimerudisha sauti nyuma, kweli, mimi nilikuwa nimeandika "nikamwambia" na yeye kasema "n'kamwambia", mkono umezoea kurekebisha wenyewe bila kuniuliza. Nikafuta, nikaandika alivyosema, akatikisa kichwa niendelee.

Mpaka leo nina dakika 52. Jumamosi naenda Tongoni, kuna mzee anasuka madema ya kuvulia samaki, amesema nije asubuhi kabla upepo haujaanza maana mchana kwenye maiki utasikia bahari tu.