Maneno Mawili Yanayonitoa Roho

Jamani, hivi Kiingereza kimeishiwa maneno kiasi hiki? Kazi yangu ni kuvusha watu kwa boti, kutoka gati la Lamu mjini hadi Manda kwenye uwanja wa ndege, na kila uchao masikio yangu yanashindiliwa "take off" hii, "take off" ile.

Mgeni ajikalia kwenye boti, auliza ndege ya-take off saa ngapi. Hapo sina neno, ndege yapaa. Mara mkewe amwambia a-take off koti, jua kali. Koti nalo lapaa? La, hapo ni kuvua! Akishavua, bwana arudi kwenye nauli: hamwezi ku-take off kidogo? Baharia wangu, kijana mtiifu, akaanza kufungua vifungo vya shati. Kumbe mtu ataka apunguziwe bei!

Na hapo hatujafika hata katikati ya mkondo. Bwana asimulia kuwa ame-take a week off, yaani yuko likizoni, wiki nzima wameitia katikati ya maneno yao kama nyama ndani ya sambusa. Biashara ya rafikiye ime-take off, imeshamiri. Mshirika wake naye ame-take off, ametoroka. Waingereza wengine hata wakimuiga mtu kwa mzaha husema wanam-take off. Mimi nashika usukani, lakini akili ishazama zamani.

Nyumbani nina binti yuko sekondari, ndiye mwalimu wangu. Ati ukitaja kitu kwa jina lake, una hiari: "take off the coat" au "take the coat off". Lakini ukisema "it", lazima ikae katikati: "take it off". Ukisema "take off it" umekosea. Nani aliipa heshima hiyo, hakuna ajuaye. Na ndege ikipaa, katikati hakai mtu. Haya, kinyume chake? Koti ni "put on", ndege ni "land". Walianza safari pamoja, kurudi kila mmoja na njia yake!

Nikamwambia, mwanangu, tazama lugha ya watu wenye adabu. Kuvua, kuvaa. Kupaa, kutua. Kupunguza, kuongeza. Kila neno na kazi yake, halichungulii kwa jirani.

Akanikodolea macho. "Na kuvua samaki je, baba? Wavuliwa nguo? Na paa la nyumba, na paa wa mwituni, nao waruka?"

Watoto wa siku hizi wana ujuvi, wallahi. Nikamwambia mjadala umekwisha, aingie jikoni akamsaidie mamake kupaa samaki.

"Wapae waende wapi, baba? Nairobi?"