Mbegu ya mkulima: mahakama imefungua mlango, kazi ndiyo kwanza inaanza

Novemba 2025, Mahakama Kuu ya Machakos ilibatilisha vifungu vya sheria ya mbegu ya Kenya vilivyomtishia mkulima kwa kifungo cha miaka miwili au faini ya hadi shilingi milioni moja, kisa kauza au kabadilishana na jirani mbegu ambazo hazijaidhinishwa. Wakulima wadogo 15 ndio waliokwenda kortini mwaka 2022. Kwangu huo ni ushindi wa haki. Mama wa Ukambani anayechagua kunde zake shambani kabla ya mavuno, akazikausha, akazichanganya na majivu na kuzifungia kwenye mtungi, hakustahili kamwe kuitwa mhalifu.

Hata hivyo, waliotetea sheria ile hawakuwa wakipiga porojo. Wapo matapeli wanaopaka rangi mahindi ya kula na kuyauza kama mbegu, na hasara mkulima huigundua mvua ikiwa imeshapita. Tena mbegu hubeba magonjwa. Mnyauko wa bakteria wa viazi husafiri ndani ya kiazi kinachoonekana kizima kabisa. Ukimgawia jirani debe moja, huenda umemwachia ugonjwa utakaokaa kwenye udongo wake kwa miaka.

Kinachonisikitisha ni kwamba mjadala huu huendeshwa kana kwamba mazao yote ni mahindi. Mahindi huchavushwa kwa upepo, kwa hiyo anayetunza mbegu ya kienyeji kando ya shamba la mahindi chotara huipoteza kidogo kidogo. Na chotara yenyewe, tangu aina ya H611 ilipotoka Kitale mwaka 1964, imelisha watu wengi. Ila ukirudia kupanda punje zake, mavuno hushuka. Mwenye mvua ya kutosha na pesa ya mbolea, sioni sababu ya kumkataza kununua.

Kunde ni habari nyingine. Hujichavusha zenyewe, na mbegu ya mwaka huu huzaa kama ya mwaka jana. Kampuni itapata faida gani kwa mteja asiyelazimika kurudi dukani kila msimu? Ndiyo maana kunde, wimbi na njugu mawe, mazao yanayostahimili ukame, yamebaki mikononi mwa wakulima. Tukiwazuia kubadilishana, hakuna atakayezitunza badala yao.

Ibara ya 11 ya Katiba inalitaka Bunge litunge sheria ya kulinda mbegu za asili na matumizi yake katika jamii. Tanzania ina daraja la mbegu za kuazimiwa ubora: mkulima aliyesajiliwa huzalisha, mkaguzi hupima sehemu tu ya mashamba, na mauzo hufanyika karibu. Wabunge wetu waanzie hapo. Kwa viazi, maofisa wa ugani wawafundishe watu kuwekea vijiti vya alama mashina yenye afya kabla majani hayajazeeka na kukauka, ili mbegu itoke kwenye hayo peke yake.