Kutwa Nachanganya Rangi, Usiku Nazitenganisha Bure

Kazi yangu mimi ni kuchanganya rangi. Duka la vifaa vya ujenzi, Tandika, ndoo za lita 20 zimepangwa mpaka zinagusa dari, na mimi katikati yake nimeshika kijiti. Mteja anakuja na kipande cha kanga, anasema nataka ukuta wangu wa sebuleni uwe hivi. Natia nyeupe, natia bluu kidogo, nadondosha nyeusi tone moja, nakoroga, napaka kwenye boksi, tunasubiri ikauke. Anaiangalia, anaangalia kanga yake, anasema imezidi. Narudia. Nalipwa kwa hilo. Si nyingi, lakini nalipwa.

Sasa niambieni nyinyi: mtu anayelipwa kutwa nzima kuchanganya rangi, akitoka kazini anapanda daladala, anatoa simu mfukoni, anaanza kuzitenganisha. Bure! Tena afadhali ingekuwa bure, bando nanunua mwenyewe.

Gemu lenyewe mnalijua, msijifanye. Vichupa vya kioo vimejaa maji ya rangi, kila kichupa matabaka manne yamerundikwa ovyo, na wewe unatakiwa kumimina huku na kule mpaka kila chupa ibaki na rangi moja. Ruhusa ni kumimina juu ya rangi inayofanana au kwenye chupa tupu, basi, na nafasi iwepo. Sheria zimeishia hapo. Mtoto wa chekechea anazielewa. Zile levo za mwanzo ni rangi mbili tatu, unamaliza hata chai haijapoa, unamwagiwa karatasi za sherehe na kusifiwa kwa Kiingereza. Wanakulea. Halafu unafika huku niliko mimi: rangi 12, chupa 14, matabaka 48, chupa tupu mbili tu. Na mimi nakaa Mbagala Rangi Tatu. Tatu! Hizo tisa nyingine nizipeleke wapi?

Halafu kule unakolipakulia wameandika eti ni gemu la kutuliza akili. Akili ya nani? Mimi nikilala nafumba macho naona zambarau imekaa juu ya kijivu.

Kinachoniudhi zaidi ni watu wanaodhani gemu hili ni la vidole. Wanachungulia simu yako kwenye daladala, wanaona nyekundu juu huku na nyekundu juu kule, wanaropoka: "Mimina hiyo na hiyo!" Ndugu yangu, umeulizwa? Gemu hili mtaji wake ni chupa tupu. Chupa tupu ni kama kitanda cha wageni. Shemeji anakuja na begi moja, anasema napita tu, kesho kutwa naendelea na safari. Unampa kitanda. Wiki inakwisha, mwezi unakwisha, sasa amepata kibarua gereji na ana taulo lake msumarini. Mgeni mwingine akija, analala wapi? Ndiyo hivyo hivyo na rangi. Ukiiweka kwenye chupa tupu "kwa muda", uliza kwanza: itatoka lini, na wenzake wako wapi?

Kwa hiyo hizo nyekundu mbili zinazompa kiherehere abiria wa siti ya nyuma, mimi naziangalia kwa chini. Nyekundu nyingine mbili ziko wapi? Ziko chini kabisa, moja chini ya chupa ya tano, nyingine chini ya chupa ya tisa, zimekaliwa na rangi tatu tatu. Ukizifungulia nyekundu chupa tupu leo, hiyo chupa huioni tena mpaka levo inakaribia kwisha. Umebaki na moja. Umekwisha.

Mimi naanzia chini. Nakagua vitako vya chupa kabla sijagusa kitu. Konda anadai nauli, namwambia subiri kidogo niko kwenye ukaguzi. Juzi nilipata moja tamu sana hata nimeikariri. Chupa ya kwanza, juu njano mbili, halafu bluu moja, halafu chini kabisa kijani moja. Chupa ya tatu, juu njano moja, chini yake kijani tatu zimekaa pamoja. Chupa mbili zilizobaki tupu, na bluu hakuna hata moja iliyo juu yenye nafasi ya kupokea. Mtu wa haraka hapa anahangaika na pinki. Mimi nikazichukua njano mbili za chupa ya kwanza, nikazitia kwenye tupu. Ile njano ya chupa ya tatu ikazifuata. Bluu ikabaki juu pale chupa ya kwanza, nikaitia tupu ya pili. Yule wa siti ya nyuma akaguna kabisa, "Aaah, umeua." Tulia. Kijani ya peke yake ikabaki, nikaimimina juu ya kijani wenzake watatu. Pwaa, chupa imefungwa kizibo. Na ile chupa ya kwanza sasa ni tupu!

Pigeni hesabu. Nimekopa tupu mbili, imerudi moja, kijani imemaliza safari, njano tatu zinasubiri ya nne kwenye chupa yao, na bluu imepata kwake, kila bluu itakayojitokeza ina pa kwenda. Hiyo ndiyo biashara. Yule bwana alishuka Mtongani bila kuaga.

Na kuna jambo la upande. Rangi ikiwa juu ya chupa mbili, A na B, unamimina A kwenda B au B kwenda A? Watu wanamimina popote vidole vitakapoangukia. Tazama kuna nini chini yake! Mimina kutoka ile chupa ambayo ukiifunua utapata rangi yenye pa kwenda. Na nafasi je, inatosha? Ukiwa na tabaka tatu za chungwa na kule kuna nafasi ya mbili, zitaingia mbili, ya tatu itabaki imeng'ang'ania palepale, hujafunua kitu, na nafasi umeimaliza.

Shemeji, huyu huyu wa kitanda, yeye anacheza lile la mipira. Mipira ya rangi ndani ya mirija, unahamisha mmoja mmoja. Kila jioni lazima aniambie, "Shemeji, hilo la maji jepesi, rangi ikifanana inamiminika yote kwa pamoja. Sisi wa mipira tunabeba mmoja mmoja. Huku ndiko kwa wanaume." Anasema hivyo akiwa anakula ugali wangu. Nilivumilia mpaka nilipopata dawa yake. Mwaka 2022 watafiti wa kompyuta wa Japani walilikalia hili jambo kwa hesabu kabisa, maji na mipira, wakathibitisha kuwa ukiwa na mpangilio mmoja, kama kwa mipira unamalizika basi na kwa maji unamalizika, na kama kwa mipira haumaliziki basi na kwa maji haumaliziki. Nikamsomea mezani. Akatafuna, akameza, akasema Wajapani hawajui mpira.

Lakini hao Wajapani walisema na kubwa zaidi, nalo ndilo ninalotembea nalo kifua mbele. Walithibitisha kwamba kujua kama mpangilio fulani unamalizika au haumaliziki ni katika yale maswali sugu ya kompyuta, yale ambayo hakuna mtu hadi leo aliyepata njia ya haraka ya kuyajibu yote. Chupa zikiongezeka na rangi zikiongezeka, hata mashine inaweza kuhenya. Ila ukishaletewa jibu, hatua kwa hatua, kulikagua ni rahisi, unafuata tu.

Hapo ndipo nilipomwelewa mke wangu. Mama Zuhura ana tabia ya kutokea jikoni wakati nimebakiza mimino mitatu, chupa tisa zimefungwa, na rangi zilizobaki zinajionyesha zenyewe. Anachungulia, anafuta mikono kwenye kanga, anasema, "Sasa Baba Zuhura, hiki ndicho kinachokutoa jasho? Si hiyo hapo tu, na hiyo hapo." Ndiyo, mama. Jibu likishakuja kila mtu ni profesa. Ungekuja saa moja na nusu, nilipokuwa nimekodolea macho chupa 14 na sina hata pa kugusa.

Nilimweleza habari za Japani. Akaniuliza kama hao Wajapani wameandika pia lini feni ya chumbani itatengenezwa.

Tuje kwenye matangazo, maana bila hayo malalamiko yangu hayajakamilika. Ukikwama, pembeni kuna kitufe kinachokupa chupa ya ziada. Chupa moja, tupu, safi, inang'aa. Kitu ambacho ungekipata ungeokoka. Bei yake ni kutazama tangazo. Na tangazo lenyewe ni la gemu jingine, mtu anacheza vibaya makusudi! Anatakiwa kuvuta kipini kimoja amwokoe mfalme, anavuta kile cha moto. Mfalme anaungua. Anarudia, anavuta kile kile. Mimi nimekaa pale damu inachemka, bando linakatwa, na kile kialama cha kufungia ni kidogo kuliko punje ya mtama, ukikikosa kidogo unatupwa kwenye duka la programu upakue hilo gemu la mfalme.

Mjanja anasema zima data. Sawa, na mimi huzima. Gemu linacheza vizuri tu bila intaneti na matangazo yanakatika. Lakini na chupa ya ziada haiji. Ndiyo maana siku hizi ile chupa siihesabu kabisa, nacheza kama haipo. Kile kitufe cha kurudisha nyuma nacho kwangu kina mipaka, unarudisha mara chache halafu na chenyewe kinataka tangazo. Cha bure kabisa ni kimoja, kuanza upya. Watu wanakiona ni aibu. Aibu ya nini? Levo haibadiliki, rangi zinarudi pale pale zilipokuwa, na wewe sasa unajua nyekundu ni mtego. Kuanza upya ukiwa na taarifa si kushindwa, ni kama, basi tu, anza upya.

Tena nataka niseme na hawa waliochagua rangi za gemu. Mimi ni mtu wa rangi, naheshimika Tandika nzima, ukiniletea damu ya mzee na kahawia mchana wa jua nakutofautishia nimefumba jicho moja. Lakini jamaa hawa wameweka kijani tatu! Kijani ya majani, kijani iliyokomaa, na kijani nyingine imekaa kibluubluu. Kaa sasa siti ya upande wa jua saa kumi na moja jioni, simu yenye ufa kutoka kona hadi kona, ufa umepita katikati ya chupa ya nne, halafu mimina. Gemu linatikisa chupa, linakataa. Unaguna. Unabonyeza tena. Linakataa. Kumbe siyo kijani ile. Dukani kwetu tukimuuzia mtu rangi tatu zinazofanana hivi anarudi na mjumbe.

Nikadhani hapo ndiyo mwisho wa dhuluma. Wapi! Zikaja levo za alama za kuuliza. Tabaka la juu unaliona, yaliyo chini yote yamefunikwa, kila moja na alama ya kuuliza, mpaka umimine la juu ndipo la chini lifunuke. Mimi niliyejenga jina langu kwa kukagua vitako vya chupa, sasa vitako vimefichwa. Zuhura, mwanangu wa darasa la nne, ndiye aliyeniletea karatasi ya daftari na kalamu. Akasema baba, raundi ya kwanza usicheze, fungua tu uone, andika. Tukachora chupa zote kwenye karatasi. Kila rangi inayojitokeza anaijaza kwa penseli yake. Tukakwama, haikutusumbua, maana ndicho tulichotaka. Tukaanza upya, na sasa karatasi iko pembeni, chupa zote zimevuliwa nguo, tukacheza kama levo ya kawaida. Kwa hiyo ukinikuta kwenye daladala na karatasi ya daftari imechorwa vichupa, usidhani nimeanza uganga.

Shida ni kwamba sifa zimevuka mpaka wa mtaa. Sasa natumiwa levo usiku, watu wazima, wenye familia. Saa nne na nusu simu inalia, jirani, baba wa watoto wanne, fundi mzuri tu wa bati: "Kaka nisaidie hapa, silali." Hasemi hata shikamoo kwa mke wangu anayeamshwa na ule mlio. Nafungua picha. Siyo picha ya kioo, ameipiga kwa simu nyingine, taa ya chumbani imemulika katikati, chupa mbili za mwisho amezikata, na dole gumba lake limeziba nyingine tatu. Nimemjibu atoe kidole kwanza. Ameandika, "Kidole kipi?"